Moto wa Matanga na Mguu Wangu wa Kushoto

Kama una ugonjwa wa sukari na miguu imeanza kufa ganzi, jiandae kuulizwa swali moja mpaka ulichukie. Watu hawatakuuliza kama umelala vizuri. Watakuuliza ulikosea wapi. Mimi nimeulizwa na wagonjwa wenzangu kwenye benchi, na akina mama wa kanisa, na mwenye duka la vitambaa, na hata kijana aliyekuja kusoma mita ya stima. Kila mmoja anataka kosa, kana kwamba likishatajwa kwa sauti mguu utapona jioni hiyo hiyo.

Naandika kwa sababu mguu wangu sasa uko salama, au niseme sehemu kubwa ya mguu iko salama, na kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani amevaa soksi juu ya kidonda akingoja jamaa zake wamalize kubishana. Mambo ya dawa mwulize daktari wako. Mimi nitakueleza yale ambayo sikuelezwa na mtu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule mjini Kakamega, kwenye kibanda karibu na soko, na mashine yangu ilikuwa ile ya kukanyaga kwa miguu. Nilizaliwa Iguhu nikaolewa upande wa Butali, ambako mume wangu, Baba Lilian, analima miwa. Ndiyo, najua, mkulima wa miwa ana mke mwenye sukari. Utani huo nimeusikia kwa watu wengi sana, na kila mmoja anadhani ndiye aliyeutunga. Sukari nilikuwa nayo kwa miaka, nikimeza vidonge vyangu, na ganzi ilikuja polepole. Siku moja nilishinda na sindano ya mashine kwenye wayo mpaka binti yangu Lilian akaiona nilipovua kiatu. Nikaichomoa, nikacheka, nikarudi kazini.

Julai ile baba mkwe akafariki. Kwetu mtu akifa, boma haliachwi baridi. Moto mkubwa huwashwa uani na hauzimwi mpaka mazishi yapite, na jamaa wote huketi kuuzunguka. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, matope kila mahali, na mimi mkaza mwana nilikuwa nimebeba maji na kusonga obusuma, yaani ugali, wa watu wengi tangu alfajiri. Viatu vililowa. Asubuhi ya siku moja kabla ya mazishi, Baba Lilian aliniona natetemeka. Akanivua viatu yeye mwenyewe, mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi kila siku. Akasogeza kiti changu karibu na moto.

"Mama Lilian, kaa hapa uote moto kidogo. Wengine watapika."

Nilinyoosha miguu nikaona raha. Raha hiyo ilikuwa ya magoti na kifua, maana chini ya vifundo vya miguu sikusikia kitu. Kilichonishtua ni harufu. Nilidhani kuna mtu ameangusha nyama kwenye makaa. Wifi yangu akauliza, "Nani anachoma ngozi?" Sote tukautazama moto, kisha tukautazama mguu wangu wa kushoto. Soksi ya nailoni ilikuwa imegandana na vidole.

Sikulia, kwa sababu hapakuuma. Hilo ndilo watu wanashindwa kulielewa. Wanadhani kisichouma si kikubwa. Mmoja alileta dawa ya meno, mwingine ute wa yai, mwingine asali, na kabla sijasema neno mguu ulikuwa umepakwa vyote vitatu. Baba Lilian akasema twende hospitali. Mimi ndiye niliyekataa. Mkaza mwana haondoki bomani mzee akiwa bado hajazikwa, na baada ya mazishi kuna siku ya kunyolewa nywele, na baada ya hiyo kuna wageni wa kuagwa. Nilipomfikia daktari, soksi ilikuwa imetoka na ngozi ya vidole.

Daktari alisafisha, akafunga, akaniambia maneno mawili ya maana: pumzisha mguu. Ningeyafuata hayo mawili, pengine leo ningekuwa na vidole kumi.

Lakini Senge Rasoa alikuwa hajasema lake. Senge ni shangazi, na Senge Rasoa ni dada yake marehemu baba mkwe, mwanamke mwenye sauti ya kutangazia harambee. Alikuja kunitazama, akaketi, akakataa chai, na mtu wa kwetu akikataa chai ujue kuna neno.

"Huyu mzee alikuwanga anakuomba koti," akasema.

Ilikuwa kweli. Mzee aliniomba nimshonee koti tangu Krismasi. Nilimwambia angoje shule zifunguliwe, sare zipungue. Sare hazipungui. Mzee akafa bila koti.

"Wafu huwanga hawasahau. Sasa ameshika mguu wa mashine. Mshonee koti lake, tulipeleke kaburini, atakuachilia."

Mimi ni Mkristo na nimesoma mpaka kidato cha nne. Ungetegemea nicheke. Sikucheka, kwa sababu lile koti lilikuwa linanichoma kuliko moto. Nilikuwa nampenda yule mzee. Nikamtazama Baba Lilian anitetee, aseme daktari amekataza. Baba Lilian akaitikia haraka sana, "Senge anasema kweli. Ni koti." Aliitikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na wakati ule sikujiuliza ni mzigo gani.

Basi nikashona koti la maiti. Kitambaa kizuri, bitana ya hariri bandia, mifuko mitatu. Nilikanyaga mashine na kidonda ndani ya bandeji, siku baada ya siku, na kwa kuwa hapaumi nilijua namaliza salama. Nilipokuwa nashona mkono wa pili niliona damu kwenye chuma cha kukanyagia. Nikaipangusa na kipande cha bitana, nikamaliza mkono. Koti likapelekwa, likafukiwa, watu wakaomba, wakala. Wiki iliyofuata dole gumba likawa jeusi.

Kuanzia hapo nilianza kuhesabu majira kwa bandeji. Wakati wa kukata miwa bandeji ilikuwa vidoleni. Mvua za vuli zilipoanza ilikuwa imefika katikati ya wayo. Jumanne na Ijumaa nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya vidonda mjini, na kama hujawahi kungoja kwenye benchi hilo, beba maji, beba leso ya kukalia, na usibebe mtu wa kukuuliza maswali. Nilikonda mpaka nikawa nabana sketi zangu mwenyewe kila mwezi. Macho yakawa na ukungu, nikashindwa kupitisha uzi kwenye sindano, kazi niliyokuwa nafanya huku nikizungumza na mteja. Harufu ya mguu nilikuwa naisikia mimi kabla ya wengine, nikahama mwenyewe kwenda kukaa mwisho wa benchi.

Mwisho wa benchi nikamkuta mzee mmoja wa Likuyani, mkulima wa mahindi, mguu mmoja umekatwa chini ya goti. Alipoona bandeji yangu akasema kwa huzuni, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nilikuwa nimechoka kabisa na methali. Nikamwuliza, "Na wewe, mzee, la mkuu gani hukusikia?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi niliambiwa kidole kitolewe. Nikasema ngoja nifikirie." Tukawa marafiki tangu siku hiyo. Alinishikia nafasi kwa mkongojo wake nilipochelewa, na kulikuwa na sista mmoja aliyepasha maji ya chumvi moto kidogo kabla ya kunisafisha, ingawa alijua sisikii. "Wewe husikii, lakini mimi nasikia," alisema. Hizo ndizo rehema nilizopata, na zilitosha kunirudisha Ijumaa iliyofuata.

Baba Lilian aliacha kunisindikiza. Miwa, alisema. Lori la miwa, mvua, barabara. Mtu ambaye alinivua viatu mbele ya ukoo mzima sasa alikuwa hawezi kuutazama mguu ukifunguliwa. Nyumbani aliketi upande ule ambao hauoni bandeji. Mimi nilidhani ni kinyaa, na nilikasirika kimyakimya kwa miezi, ambayo ni njia mbaya ya kukasirika.

Desemba ndugu yangu mdogo akaja likizo. Hezron anafundisha Kiingereza Thailand, na alikuwa amerudi akiwa Mbudha. Mama yetu kule Iguhu alimchinjia jogoo, naye akasema ahsante mama, mimi siku hizi sili nyama. Mluhya, mbele ya ingokho, kuku wetu, na supu yake, anaomba mboga. Majirani walikuja kumtazama. Mama alilia na kuniuliza mimi, mgonjwa, kama kule wamemloga. Nikamwambia mtoto ambaye hali kuku wako angalau hakumalizii kuku.

Yeye ndiye aliyechukua zamu ya kunipeleka kliniki. Alinikera kuliko ninavyoweza kueleza. Mbu akimtua mkononi anampuliza aende. Foleni ikisimama saa nzima yeye ametulia tuli, mimi natafuta mtu wa kugombana naye. Siku moja kwenye benchi nilikuwa najilaumu kwa sauti, koti, moto, sindano, sare, nikaenda mpaka siku niliyoacha kunywa dawa kwa sababu ya harusi. Akasikiliza, halafu akauliza.

"Dada, ulipoanza lile koti, ulitaka nini?"

"Nilitaka nipone. Na nisimwone mzee kila nikifumba macho."

"Ulipokuwa katikati, uliona nini?"

"Niliona damu kwenye chuma."

"Na ukafanya nini?"

"Nikamaliza mkono wa koti. Hezron, kama umekuja na wewe kunihukumu, rudi kwa wenzako."

"Sikuhukumu. Kule tunafundishwa kulitazama tendo mara tatu: kabla hujalianza, likiwa mikononi, na likiisha. Ukiona linaumiza, hata kama uko katikati, unaweka chini. Watu wengi hutazama mara ya mwisho tu, na hapo wanatazama mpaka wanapofuka."

Nikamwambia hiyo si hekima ya Budha, sisi tulifundishwa darasa la nne: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

"Mbona basi hamkuganga yajayo? Mlishona koti."

Kisha akaongeza kitu ambacho nilikikataa siku hiyo nikakikubali baadaye. Alisema yaliyopita wakati mwingine ni ndwele kweli, na ndiyo maana lazima uyatazame mara moja, yote, bila kujipiga wala kujificha, uone ni mambo gani yalikutana. Baridi, mvua, viatu kulowa, ganzi, desturi, huruma ya mtu. Alisema hakuna mkosaji mmoja wa kufungwa pingu hapo. Alisema pia kwamba majuto yana kazi moja, kukufundisha, na yakishafundisha ukiyaacha ndani ya nyumba yanaanza kukuamulia mambo. "Lile koti nani aliamua lishonwe, dada? Wewe, au majuto?"

Nilimwambia anunue maji. Lakini nilimwuliza tena tukiwa njiani, maana mimi nikishakasirika ndipo ninaposikiliza. Akanieleza jinsi watawa wa kule wanavyotubiana. Mmoja anaenda kwa mwenzake, anataja kosa lake kwa ufupi. Mwenzake anamwuliza kama ameliona. Anajibu ameliona. Anaambiwa basi ajichunge siku zijazo. Wanainuka, wanaendelea na kazi.

"Hakuna kulia?" nikauliza.

"Hakuna."

"Hakuna kuitana ukoo mzima?"

"Hakuna."

Kwa mara ya kwanza nikaona dini yake ina jambo zuri.

Januari, wiki ambayo ningekuwa nashona usiku na mchana, daktari alinilaza. Aliongea wazi. Dole gumba na kinachofuata mifupa yake imeoza, vitolewe Alhamisi. Tukingoja, uozo utapanda, na huko mbele tutazungumza habari ya goti. Nilimkumbuka yule mzee wa Likuyani na ile ngoja nifikirie yake. Nikamwambia daktari niko tayari.

Jioni hiyo Baba Lilian akatokea wodini na Senge Rasoa. Miezi hakuja kliniki, sasa amekuja kifua mbele.

"Mke wangu hakatwi," akasema. "Nimepata mtu kule mpakani anaponya bila kisu. Pikapu inakuja Alhamisi asubuhi."

"Alhamisi ndiyo wananitoa vidole."

"Ndiyo maana inakuja asubuhi."

Senge Rasoa akaunga mkono, mtu haendi kaburini vipande vipande, koti halikutosha labda mzee alitaka na suruali. Mguu ni wangu, mashine ni yangu, na hapa kuna watu wawili wanapanga safari yake kama gunia la mahindi. Nilitaka kupiga kelele wodi nzima isikie. Hezron alikuwa amesimama mlangoni, na nilimkasirikia hata yeye kwa kutulia.

Nikajiuliza kwa hasira, kabla hujafungua mdomo, unataka nini? Nilitaka mguu. Nikipiga kelele atakuwa mwanamume mbele ya shangazi yake, na mwanamume mbele ya shangazi yake harudi nyuma. Nikasema, "Mulamwa wako akamtafutie Senge chai. Wewe nisindikize nje, nataka hewa." Mulamwa ni shemeji. Hezron akaelewa, akamchukua Senge Rasoa, wakaenda kantini. Sisi tukatoka polepole mpaka kwenye kibaraza cha nyuma, pale wanapoanika shuka za wodi.

"Baba Lilian, keti. Nitazame mguu."

Hakuutazama. "Wakikukata nitakuwa naona kila siku."

"Utaona nini? Vidole vitakuwa havipo."

Mkono wake ulikuwa unasugua goti kama anataka kulitoboa.

"Nitaona kile kiti," akasema.

Hapo nikaelewa upande aliokuwa akikaa nyumbani, na lori la miwa, na ile haraka yake ya kuitikia koti.

"Ni mimi nilikisogeza," akasema. "Nilikuvua viatu. Sukari yako naijua. Ile sindano Lilian aliniambia. Nikakuweka kwa moto na mikono yangu."

"Najua wewe ndiye ulikisogeza. Mimi nilikuwa nimekikalia."

"Ulijua muda huu wote?"

"Baba Lilian, ulisogeza kiti mbele ya watu hamsini. Ilikuwa siri ya nani?"

Akalia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno. Nilimpenda na nilitaka kumpiga na beseni, vyote pamoja. Huyu mtu alikuwa tayari nipoteze mguu mpaka kwenye goti ili yeye asikione kiti. Wala hakuwa mtu mbaya. Alinisogeza kwenye moto kwa huruma, akaniunga mkono kushona koti kwa woga, na sasa alikuwa anakodi pikapu kwa aibu. Majuto yalikuwa yamemwendesha tangu Julai, naye ameketi nyuma tu kama abiria. Nami nilikuwa abiria mwenzake.

Nikamshika mkono, akaacha kusugua goti. Nikajaribu yale ya watawa wa Hezron, na sikuyasema kwa upole, niliyasema kama mtu anayepima kiuno cha mteja msumbufu.

"Ulifanya nini? Sema kwa ufupi. Usilie."

"Nilikuweka karibu na moto bila kufikiria ganzi yako."

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Siku nyingine?"

Alifikiria kweli. "Nitaangalia mguu kwanza. Nitaweka mkono wangu mahali mguu wako unapokwenda."

"Basi. Na mimi, niulize."

"Nikuulize nini?"

"Niulize tu."

Nikataja langu. Nilimnyima mzee koti akiwa hai, nikamshonea akiwa amekufa, na nilipoona damu nikaendelea. Akaniuliza kama nimeliona. Nikasema nimeliona. Akaniuliza siku nyingine nitafanyaje, na sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. Nikasema nikiona damu nitasimama, na wazee nitawashonea kabla ya sare. Tulikaa hapo kidogo, shuka zikitupiga usoni kila upepo ukija. Kisha akatoa simu akamwambia mwenye pikapu asije.

Senge Rasoa hakufurahi. Alhamisi vidole vilipotolewa alidai apewe akavizike Butali, hospitali ikamwambia ina utaratibu wake, na nikasikia kwamba alibishana na mlinzi wa lango mpaka mlinzi akaanza kumbembeleza kwa kumwita mama. Jambo la ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi wiki zile, uji wa wimbi usio na sukari, akiulalamikia kwa niaba yangu kwamba hauna ladha. Mtu anaweza kukuchosha na kukulisha. Kubali uji.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kujifunza kusimama. Hawakuambii kwamba dole gumba ndilo linalokusukuma mbele, na likiondoka unatembea kama unayekanyaga mashua. Mvua za masika zilinikuta bado na mkongojo. Watu wakapanda mahindi, wakapalilia, na mimi bado Jumanne na Ijumaa. Nilipokasirika, na nilikasirika mara nyingi, nilimpigia simu Hezron, aliyekuwa amerudi Thailand, nikamwambia dini yake haifanyi kazi. Aliniuliza kila mara ni nini kimetokea kabla sijakasirika. Mara nyingi ilikuwa njaa. Mashine yangu imetiwa mota, nakanyaga kidogo tu kwa mguu wa kulia. Mimi bado ni Mkristo na Jumapili niko kanisani, na nyama ya kuku nakula.

Kama uko kwenye benchi sasa hivi, sitakuambia usijute. Utajuta. Lakini kabla hujakubali dawa, safari, koti au kisu, jiulize ni nani anayeamua, wewe au lile jambo unalolionea aibu. Na mtazame yule anayekuuguza, kwa sababu pengine amejeruhiwa mahali ambapo hapafungwi bandeji, naye ndiye mwenye kukodi gari.

Siku hizi jioni Baba Lilian huniosha mguu. Huweka kiwiko chake kwenye beseni kwanza kupima maji, kisha huukausha mguu, kisha huchukua tochi akatazama kila mahali, kati ya vidole, kisigino, wayo. Hana haraka. Kabla ya Pasaka alikuwa ameniletea viatu kutoka mjini, vya ngozi laini, alivyovichagua mwenyewe, na akanivalisha mwenyewe twende navyo kanisani. Nilivipenda sana.

Jumatatu ya Pasaka tochi ikasimama. Chini ya kidole kidogo palikuwa na lengelenge, dogo kama punje ya wimbi. Nilimwona alivyolitazama, kisha akavitazama viatu vilivyokuwa mlangoni, na uso wake ukaanza kwenda kule ulikokuwa miezi yote ile ya kliniki. Nilingoja aseme.

"Ni viatu nilivyonunua," akasema. "Vinabana hapa."

Akaweka tochi chini.

"Kesho asubuhi tunaenda kliniki. Miwa itangoja."

Akainuka, akavichukua vile viatu akavipeleka nje. Kisha akarudi, akapiga magoti, akaendelea kukausha vidole vilivyobaki, kimoja kimoja.